Siku Baba Siwatu Alipotusalimia Kwenye Redio ya Gari

Siku ile tulikuwepo hawa, nawataja kama bado nawaona. Mimi mwenyewe, mama wa bibi harusi. Siwatu, binti yangu wa kwanza, ndiye aliyekuwa anaolewa. Mwajuma, wifi yangu, ambaye mdomo wake ulijulikana toka Mbwara hadi Mohoro. Salumu, mdogo wake Mwajuma, na mama yao, Bibi Mwanamvua, mkwe wangu, masikio yalikuwa yameanza kumtupa. Upande wa bwana harusi alikuwepo Athumani mwenyewe na baba yake mkubwa, Mzee Kipande, waliotoka Kibiti. Alikuwepo Shehe Mbwana, aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na mume wangu wakichapwa kwa bakora moja. Bi. Tatu muuza kamba wakavu alikuja baadaye. Majirani walikuwa wengi na majina yao ninayo yote, ila nikianza kuyamwaga hapa hatutamaliza. Aliyekosekana alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyekuwa tunamhitaji kuliko wote: mume wangu Omari, Baba Siwatu.

Yamenijia haya juzi, mjukuu wangu Rehema aliponipakia kwenye gari lake kunipeleka Kibiti kupima presha. Simu yake ilikuwa mkobani, na mkoba upo kiti cha nyuma, lakini nyimbo za kwenye simu zilikuwa zinatoka mbele, kwenye redio ya gari. Nikatafuta waya. Nikapapasa chini, nikaangalia pembeni. Akaniuliza, "Bibi, umedondosha nini?" Nikamwambia natafuta waya wa muziki. Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Hajui kwamba yeye mwenyewe yupo duniani kwa sababu ya waya kama huo. Basi nimeona niandike, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la tatu, na anayejua kusoma atavumilia.

Mimi utoto wangu wote muziki wa mashine tuliufuata kwa miguu. Mohoro kulikuwa na duka moja lenye gramafoni, na sisi tukitumwa kupeleka mikeka ya ukindu kuuza tulikuwa tunapita pale makusudi, tunasimama kama tumechoka. Mwenye duka akigeuza sahani ya santuri, tunageuza mguu wa kusimamia. Harufu ya mafuta ya taa na tende mpaka leo nikiisikia, masikio yangu yanasubiri wimbo. Tukirudi nyumbani tumechelewa, marehemu mama alikuwa ananiuliza kama mikeka nilikuwa nauza au nasuka upya.

Halafu ndiyo ikaja ile enzi tuliyoiita ya ruksa. Sabuni ikarudi madukani, mitumba ikashuka kwa robota, kila mwenye kitu anauza na kila mwenye gari anabeba. Huko delta walikuja wanunuzi wa kamba na maboti yao ya barafu, wakapiga kambi Mbuchi, na kambini kuna redio inayoimba kutwa. Na hapo ndipo Athumani alipoanza kupita kijijini kwetu. Alikuwa dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Kibiti, anafuata mpunga na ufuta. Daraja lilikuwa bado, gari linavuka mto kwa pantoni, na sisi tulikuwa tunalisikia kabla hatujaliona. Watoto wanaacha kutwanga, wanakimbilia barabarani. Mchi unabaki umelala kwenye kinu.

Sasa redio ya gari lile ilikuwa na tabia moja. Ukiitia kaseti inaitafuna. Athumani alikuwa akisema, "Redio yangu ina meno, mama, haina adabu." Kwa hiyo akajipatia Dar es Salaam vitu viwili. Kimoja ni wokmani, kile kiredio kidogo cha kubana kiunoni, kinachopiga kaseti kwa waya wa masikioni. Cha pili ndicho kilichotushangaza zaidi: kaseti ambayo haina ukanda ndani, ina waya tu unaotoka mgongoni kama mkia wa panya. Kaseti halisi anaitia kwenye wokmani, waya wa masikioni anauchomoa, mkia wa panya anauchomeka pale pale, kisha lile gamba tupu analitumbukiza kwenye redio ya gari. Redio inadhani imepewa kaseti ya kutafuna, kumbe imepewa gamba, na muziki unatoka wote, mzima, haujang'atwa. Siwatu aliniambia alimpendea hapo. Alisema mtu anayejua kumdanganya mwenye meno asimdhuru, huyo ataishi na shangazi Mwajuma vizuri.

Baba Siwatu hakumpenda hata kidogo. Hakuwa mtu mbaya, mume wangu, alikuwa mtu wa kimya. Mpunga wake aliulima Mbuchi, na msimu wa ndege akihamia kule anakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, miezi miwili, anafukuza ndege na nguruwe, na alikuwa anafurahi kuliko sikukuu. Posa ilipoletwa akaiweka tu pembeni. Jioni yake akaniambia, "Binti yangu siozi kwa kelele." Tukagombana. Nikamwambia muziki si dhambi ya kuua mtu. Kesho yake akabeba kafi na kapu lake akaenda zake delta bila kuniaga vizuri.

Baada ya wiki tatu nikamtumia salamu na wapita njia: wenzetu wanataka siku, tuseme nini? Majibu yakarudi: "Wekeni siku. Nitakuja na neno langu."

Neno langu. Hakusema neno gani. Nami ndugu yangu, nikasikia "ndiyo" mahali ambapo mwenzangu hakuitamka. Nikawaambia wa Kibiti amekubali, tukaweka siku, nikaituma Mbuchi. Nikamwambia shehe. Nikamwambia mwanangu, akanikumbatia mpaka khanga ikanitoka. Uongo ule sikuuona kuwa ni uongo mpaka siku yenyewe ilipofika.

Siku hiyo tuliamka na harufu ya nazi. Wali umepikwa kwenye masufuria ya kuazima, mchuzi wa kambale upande huu, mchuzi wa nyama upande ule kwa ajili ya wageni wasiojua kuchambua miba. Mwajuma anaamrisha utadhani yeye ndiye ameposwa. Pikapu ya Athumani ikafika imejaa wazee wa Kibiti nyuma, wamekaa kwenye viti vya kukunja, kofia zao zimebadilika rangi kwa vumbi. Wakakaribishwa barazani. Adhuhuri ikaswaliwa. Baba Siwatu hakuonekana.

Tukangoja. Mzee Kipande akaangalia kivuli cha nguzo, akaangalia tena. Halafu akasema, kwa sauti ya adabu lakini ya mtu aliyekwisha amua: "Jamani, pantoni haitungoji. Alasiri ikitukuta hapa bila ndoa, sisi tunaondoka. Na mimi kwa umri huu sirudi mara ya pili kuombea posa iliyokwisha jibiwa." Salumu akajitolea: yeye ni baba mdogo, ataoza. Shehe Mbwana akatikisa kichwa. "Baba yupo hai, Salumu. Bila ruhusa yake mimi sifungi." Hapo Mwajuma akapaza sauti kutoka uani, "Nchi nzima ina ruksa, harusi yetu tu ndiyo haina ruhusa!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia Siwatu chumbani ameacha kupumua.

Ndipo akatokea Bi. Tatu, yupo juu ya baiskeli ya kukodi, ananuka kamba na jasho, amelowa mpaka magotini. Ameshuka mtumbwi Mohoro asubuhi. Akafungua pindo la khanga akatoa kaseti.

"Omari kachomwa na taa mguuni," akasema. "Yule samaki mwenye mwiba, alimkanyaga matopeni. Mguu umekuwa kama mtungi, yupo kambini kwa wanunuzi, hawezi kusimama. Hii nimepewa na wa kambini, wameniambia ameongea humo ndani."

Shehe akamuuliza, "Wewe umemsikia anasema nini?"

"Mimi nimesikia anaugulia, shehe. Sikuingia alipolala."

Nikaitambua kaseti ile. Ilikuwa ya kwangu, ya taarabu, aliondoka nayo kwenye kapu bila kujua, au akijua, Mungu ndiye mwenye siri hiyo. Sasa ndani yake kulikuwa na neno lake, na mimi peke yangu pale uani nilijua kwamba neno hilo linaweza kuwa hapana.

Redio kaseti za kijijini zilikuwa mbili. Ya Salumu ilikuwa kwa fundi Kibiti, na mwenye ile ya pili alikuwa amesafiri nayo. Athumani akatoa wokmani yake. Akataka kumvalisha shehe vile vya masikioni juu ya kofia. Shehe akarudi nyuma.

"Nikisikia mimi peke yangu, mashahidi wamesikia nini? Hii ni ndoa, si siri ya mtu mmoja. Tusikie sote kwa pamoja."

"Tuitie kwenye gari," akasema Salumu.

"Gari lina meno!" Siwatu akapiga kelele kutoka chumbani, akasahau kwamba bibi harusi haongei.

Basi pikapu ikasogezwa mpaka katikati ya baraza na ua, wanaume upande wao, wanawake upande wetu, milango yote miwili ikafunguliwa kama masikio ya tembo. Athumani akaitia kaseti yangu kwenye wokmani, mkia wa panya ukachomekwa, gamba likatumbukizwa. Akabonyeza.

Ikatoka taarabu! Fidla, ngoma, mwimbaji anamsema mke mwenzie. Wanawake wakaipokea kwa vigelegele, Mwajuma yupo katikati anajitikisa, anadhani ndiyo furaha imetumwa kutoka Mbuchi. "Geuza upande!" nikamwambia Athumani. Shehe akasema, "Acha iende, pengine yupo mbele." Akakaa pale, shehe wa watu, ameshika tasbihi, anasikiliza taarabu kwa uso wa mtu anayengoja mvua ipite. Mume wangu hakuwepo mbele. Athumani akageuza upande wa pili, akabonyeza. Kukawa na mlio wa maji, kikohozi, halafu sauti ya mume wangu ikajaa ua mzima.

"Asalamu alaikumu."

"Waalaikumu salamu!" tukaitika wote. Huwezi kuamini, lakini tuliliitikia gari.

Na yeye akanyamaza, akatungoja tuitikie. Alikuwa hajawahi kuongea kwenye mashine maisha yake yote. Aliongea kama amekaa barazani kwake. Akaanza kusalimia, mmoja mmoja, kwa jina, na kila jina analipa nafasi ya kujibu.

"Shehe Mbwana, hali yako?"

Kimya.

"Alhamdulillahi," akajibu shehe, amelitazama gurudumu.

"Mama, shikamoo."

Bibi Mwanamvua akainuliwa, akasogezwa karibu na mlango. "Marahaba mwanangu! Mguu unaendeleaje?"

"Mimi sijambo kidogo," ikasema redio. Ua mzima ukasema aaah! Bibi akawageukia watu: "Mnasema mimi sisikii. Mbona yeye ananisikia?"

"Salumu, ng'ombe yule umemhamisha?" Kimya. Salumu akasema, "Bado, kaka," kwa aibu, mbele ya wageni. "Mwajuma dada yangu, mdomo huo leo uupumzishe, una wageni." Watu wakaanguka kwa kicheko, na Mwajuma akainua mikono juu akasema, "Hata huko kwenye mikoko ananiona!" Akaendelea, jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mwadhini, mama wa mwadhini, wote wale niliosema majina yao ninayo. Ndiyo nilikuwa nayajua, lakini nadhani nilikuja kuyashika siku ile, kwa sababu kila jina lilikuwa kama ngazi moja ya kupanda na mimi sijui juu kuna nini.

Nikaona Athumani amekunja uso. Nami nikasikia. Sauti ya mume wangu ilikuwa inaanza kunenepa. "Mzeee... Kipaaande..." Ilikuwa inavutika kama mtu anayeingia usingizini. Athumani akabonyeza kuzima.

"Betri zinakwisha," akasema.

"Amefika wapi?" akauliza shehe.

"Bado yupo kwenye salamu."

Betri zikatolewa, mbili, zile ndogo. Zikang'atwa. Zikaanikwa juu ya boneti kwenye jua kali kama dagaa, na watu wazima zaidi ya thelathini tukazisimamia kuzitazama zikianikwa. Dukani kuna betri kubwa za tochi tu. Zikarudishwa, sauti ikatoka maneno matatu ikalala tena. Mzee Kipande akasimama, akakung'uta kanzu. Kivuli cha nguzo kilikuwa kinakaribia kulingana na nguzo. Wenzake nao wakaanza kutafuta viatu.

Mwajuma aliambiwa apumzishe mdomo, lakini namshukuru Mungu hakupumzisha. "Saa ya msikiti!" akasema. "Ile ya ukutani inatumia betri kama hizi!"

Shehe akamtazama. "Ile ni wakfu, Mwajuma. Mali ya msikiti haitolewi ikapigie kaseti."

"Hatuitoi, shehe, tunaazima. Tunaazima dakika kumi za msikiti, tunarudisha dakika kumi. Alasiri si utaijua kwa kivuli, kama babu yako alivyoijua?"

Shehe akautazama msikiti. Nilimwona anapima. Kisha akajisemea, "Kuoza ni ibada," akainuka mwenyewe, hakumtuma mtu, akavuka uwanja, akarudi na betri moja kaiweka kwenye kiganja kama anayebeba yai. Moja mpya na moja kuukuu zikapangwa pamoja. Athumani akasema bismillahi kwa sauti. Nami nikashika nguzo ya jiko.

Sauti ikarudi, nzima, ya mume wangu kabisa.

"Mzee Kipande, karibuni sana kwetu, msituone wabaya kwa kukawia." Mzee Kipande, kiatu kimoja mguuni, akasema, "Tumekaribia." Akakaa.

"Sasa sikiliza, Mbwana, nawe Salumu. Mimi Omari, kwa ridhaa yangu, nikiwa na akili zangu ila mguu ndio mbaya, nampa uwakala mdogo wangu Salumu amwoze binti yangu Siwatu kwa Athumani, kwa mahari waliyokubaliana. Mimi nilikuwa sitaki, hilo kila mtu analijua. Nilisema kijana ana kelele. Sasa nimelala hapa kambini, siku ya nne leo, redio inaimba juu ya kichwa changu kuanzia alfajiri, na bado naswali, na bado nakula. Nimeona kelele haziui. Na mwenye redio ndiye aliyenibeba mgongoni kunitoa matopeni."

Nilidhani amemaliza. Akakohoa.

"Na wewe Mama Siwatu, najua umekwisha waambia watu kwamba nimekubali."

Jamani. Watu wote walinigeukia, wa barazani na wa uani. Mwajuma akafungua mdomo akaufunga. Nilitamani niingie ndani ya kinu.

"Hukusema uongo," ikasema redio. "Umenitangulia tu. Wasalamu."

Halafu pakatokea mlio wa kitu kubonyezwa, na pale alipoacha kuongea taarabu yangu ikaibuka katikati ya beti, na sauti ya juu kabisa, na vigelegele vya siku ile nadhani vilifika Mohoro. Shehe akawauliza mashahidi, "Mmesikia?" Wakasema wamesikia. "Sauti ya nani?" "Ya Omari." Ndoa ikafungwa kivuli kikiwa mahali pake pa alasiri, betri ikarudishwa ukutani, saa ya msikiti ikakaa nyuma dakika kadhaa kwa miezi, na hakuna aliyelalamika. Wazee wa Kibiti waliiwahi pantoni ya mwisho na wali wetu wameufunga kwenye majani. Mimi niliingia jikoni, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, nikalia kilio kile cha kushusha mzigo, ambacho ukimaliza unasikia njaa. Nikala sahani mbili.

Baba Siwatu alirudi baada ya wiki tano, anachechemea. Hatukuzungumza jambo lile. Alinipa kapu la kamba wakavu, nami nikampa maji ya kuoga, ikawa imekwisha. Yeye na Athumani walikuja kuwa marafiki wa kukaa kimya pamoja, garini, muziki unaimba.

Kaseti niliitunza kwenye kopo la majani ya chai. Ikaota ukungu, ikagoma kwenye kila mashine. Baba Siwatu hakuwa mtu wa kuweka kitu kisichofanya kazi. Msimu mmoja aliufungua ukanda wote akaenda nao Mbuchi, akauzungushia shamba la mpunga toka mti hadi mti, kama walivyokuwa wanafanya wenzake, maana upepo ukiupiga unavuma na ndege wanaogopa. Nilipompelekea chakula nilikaa naye juu ya dungu kuusikiliza. Ulikuwa unavuma tu, huwezi kujua sehemu ipi ni mwimbaji na ipi ni yeye. Leo yeye hayupo, Mungu amrehemu. Mama mkwe hayupo, shehe hayupo. Pantoni imeondoka na magari yanapita juu ya daraja hayasimami. Na watu hawasalimiani tena jina kwa jina. Simu inaletwa, mtu anasema shida yake kabla hujamwambia hujambo.

Nimeandika nikikumbuka salamu zile kwa mpangilio wake. Ila kuna mahali najishuku: baada ya Mwajuma, alianza jirani wa kulia au mwadhini? Kama ulikuwepo uani siku ile, au mama yako alikuwepo akakusimulia, na jina lenu nimelirukia au nimeliweka pasipo pake, njoo uniambie nilirudishe mahali ambapo yeye alilitamka.